Rumonge inaliwa na ziwa, sisi tunapigia picha jiwe la Livingstone

NILIMLIPA mzee mmoja faranga elfu kumi za Burundi anitembeze kwa miguu katika mitaa ya zamani ya mji wa Rumonge. Hakuwa na kitambulisho cha kuongoza watalii, hakuwa na ramani wala kipeperushi. Alikuwa na bakora, kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, na jamaa wa kumsalimia kila baada ya nyumba tatu. Nilimkuta nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri. Nilipomwambia kuwa mimi ni mtoto wa Ujiji, alicheka hadi akakohoa.

"Basi wewe si mgeni, mwanangu," akasema. "Wewe umechelewa kurudi tu."

Tulitembea kwa saa mbili na nusu. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza maswali ambayo naona si ya Rumonge peke yake. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na kila mkutano wa mawaziri wetu wa utalii huzungumzia "vivutio" na "kutangaza mwambao wa Ziwa Tanganyika". Lakini kivutio ni nini? Na anayekitangaza anatangaza historia ya nani?

Nianze na njia, maana njia yenyewe ni somo.

Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita zipatazo 75, ziwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Kabla hujatoka mbali na jiji unapita Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley. Hapo ndipo Waingereza wale wawili walipolala siku mbili Novemba 1871, wakiwa safarini kwa mitumbwi kutoka Ujiji kwenda kuhakikisha kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wakakuta unaingia. Kwa siku mbili za kulala, wamepewa jiwe. Kila kitabu cha mgeni kinalitaja, kila gari la utalii husimama pale, watu hupiga picha na kuondoka.

Baada ya hapo ni Gitaza, ambako mwaka 2015 mlima uliporomoka na maji yakabeba nyumba na kuikata barabara. Kisha Magara, upande wa Bugarama, ambako milima inakaribia maji kiasi kwamba barabara haina pa kujificha. Mitumbwi ya Livingstone na Stanley ilipita mbele ya milima hii hii. Watu waliokuwa wakiishi hapa waliiona ikipita. Hakuna jiwe la kukumbuka kuwa walikuwapo.

Niseme kidogo juu ya Bugarama, kwa sababu jina lenyewe limenisikitisha. Mwaka 2015 Serikali ya Burundi iliunda mkoa mpya wa Rumonge, na Bugarama ikawa moja ya komine zake tano, ikitolewa Bujumbura Vijijini. Haikukaa sana. Sheria ya mwaka 2023 iliipunguza mikoa 18 ikabaki 5, na komine 119 zikawa 42. Baada ya uchaguzi wa 2025 utaratibu huo mpya ukaanza kazi. Rumonge sasa ni komine ndani ya mkoa wa Burunga, na katika zile komine 42 jina la Bugarama halimo. Sisemi kuwa mageuzi yale ni mabaya. Nchi ndogo haihitaji wakuu wa mikoa 18. Nasema tu kwamba ndani ya miaka kumi mahali pale pamehamishwa mkoa, kisha pakafutwa katika orodha ya komine. Anayetaka kuandika historia ya mahali kama hapo aanze wapi kutafuta mafaili?

Turudi kwa mzee.

Alianzia mtaa unaoitwa, kwa urahisi kabisa, Swahili. Ukiwa Mtanzania unaweza kudhani ni jina la fahari. Huku si hivyo tu. Burundi karibu nzima inasema Kirundi, kwa hiyo Mswahili ni mtu wa mjini, Mwislamu, mfanyabiashara, aliyekuja kutoka ng'ambo ya ziwa au ambaye babu yake alikuja. Na katika midomo ya wengine Mswahili ni mjanja, mtu wa kukuzungusha. Wabelgiji walikuwa na desturi ya kuwatengea watu hawa mitaa yao, kama Buyenzi kule Bujumbura iliyopangwa kwa barabara zenye namba, na majina ya namna hiyo yakabaki hata baada ya bendera ya Ubelgiji kushuka mwaka 1962.

"Sisi tukiwa Bujumbura tunaambiwa ni watu wa Kigoma," mzee aliniambia. "Tukija kwenu Kigoma tunaambiwa ni Warundi. Sasa wewe mwandishi, utaandika sisi ni watu wa wapi?"

Sikuwa na jibu, na sikuandika chochote katika daftari kwa dakika kadhaa.

Nyumba za mtaa ule ungeziona Ujiji usingeshangaa: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la mabati yaliyopata kutu, baraza mbele, mlango wa mbao, mwembe uani. Nyingine zimebomolewa na kujengwa kwa matofali ya kuchoma. Wanawake walikuwa wakianua ndagala, ambazo sisi tunaziita dagaa. Mukeke wao ni mgebuka wetu. Ziwa moja, samaki wale wale, na mtu akivuka mpaka anabadilisha majina tu.

Mbele ya nyumba moja mzee alisimama akanyoosha bakora kuelekea majini. "Pale," akasema, "ndipo ilipokuwa boma ya Rumaliza."

Rumaliza ni jina la mchezo tu kwa watoto wa sasa, lakini lilikuwa jina la kutisha. Mwenyewe aliitwa Mohamed bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeweka makao Ujiji katika miaka ya 1880 na kusimamisha vituo ufukweni mwa Urundi, Rumonge ikiwa kimojawapo. Alitaka kupanda milima aingie ndani. Mwami Mwezi Gisabo na watu wake walimzuia, na hiyo ni moja ya sababu Urundi ya milimani haikufanywa uwanja wa misafara kama zilivyofanywa Unyamwezi na Manyema. Mwaka 1894 majeshi ya Wabelgiji yalimshinda upande wa Kongo, akakimbilia eneo la Wajerumani.

Nilimuuliza mzee: Rumaliza alikuwa mtu mwema au mbaya? Aliniangalia kama ninayeuliza swali la kitoto. Akasema alileta uislamu, alileta minazi, alileta watu. Kisha, baada ya hatua kadhaa, akaongeza kwa sauti ya chini kuwa na yeye bibi yake mzaa baba aliletwa na watu wa Rumaliza, akiwa mtoto, kutoka ng'ambo. Hakusema "mtumwa". Alisema "aliletwa".

Naomba msomaji aone uzito wa jambo hili. Kule Bagamoyo na Zanzibar tumezoea kuwasimulia wageni habari za watumwa kana kwamba wauzaji walikuwa watu fulani na waliouzwa watu wengine, na sisi wasimuliaji si wa upande wowote. Katika mtaa huu mdogo muuzaji na aliyeuzwa wote ni mababu wa mtu mmoja. Hilo ndilo linaloifanya historia ya Rumonge kuwa ngumu kuiweka kwenye kipeperushi, na ndilo linaloifanya iwe na thamani.

Mzee alinionyesha pia upande ambako, kwa maelezo yake, mapadre wa kwanza waliuawa. Tukio lenyewe limeandikwa vizuri. Shirika la Mapadre Weupe lilifungua kituo Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop wakauawa katika ugomvi uliohusu mtoto aliyekuwa amechukuliwa na kituo. Wamisionari waliondoka, na Kanisa likaanza upya Burundi karibu miaka ishirini baadaye, kwa upande mwingine. Kwa hiyo ukristo wa Burundi ulianzia ufukweni hapa, katika mji ambao leo unajulikana zaidi kwa misikiti yake.

Ila hapa sikukubaliana na mzee wangu. Alinionyesha mahali karibu sana na maji, katika eneo ambalo mafuriko ya miaka ya karibuni yameingia hadi vyumbani. Haiwezekani. Na sababu yake ndiyo hoja kubwa ya makala hii.

Ziwa halikai mahali pamoja

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mdomo wa Lukuga ukizibwa na matope na majani, ziwa linapanda mwaka hadi mwaka. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Livingstone. Ziwa lilipanda hadi karibu mwaka 1878, likapasua kizuizi, maji yakaenda Kongo kwa nguvu. Katika muda usiofika miaka ishirini likashuka kwa takriban mita kumi.

Ndiyo maana sisi Ujiji tunawaonyesha wageni mnara wa kumbukumbu chini ya miembe na wageni wanauliza: mbona ziwa liko mbali? Maji yalikuwa karibu, yameondoka yenyewe. Na ndiyo maana kituo cha mapadre cha mwaka 1879 hakingeweza kuwa pale aliponionyesha mzee, kwa kuwa mwaka ule pale palikuwa majini.

Ziwa lilipanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya mvua kubwa, kisha likatulia. Watu wakajenga. Kuanzia 2019 na 2020 limepanda upya, likafurika 2021, na mwaka 2024 likafika kiwango ambacho wazee walikilinganisha na kile cha 1964. Kule Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, maelfu ya watu walihamishwa. Rumonge, bandari ikaingiliwa na mitaa ya ufukweni kama Kanyenkoko ikapoteza nyumba.

Wengi wanasema haya ni mabadiliko ya tabianchi. Mvua zimezidi, ni kweli, na milima iliyokatwa miti inamwaga matope. Lakini hesabu rahisi inasema neno lingine pia: nyumba zilizofurika 2024 zimejengwa juu ya ardhi ambayo mwaka 1878 ilikuwa sakafu ya ziwa. Ziwa limekuja kudai kiwanja chake. Mji uliojengwa bila kujua historia yake unalipa sasa kwa mabati na matofali. Kama mafundi mipango wa mji wangetembea na wazee kabla ya kugawa viwanja, wengine wangeambiwa wasijenge pale. Nasema wangeambiwa, sina hakika kama wangesikia.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kuwa matembezi ya mji wa kale ni starehe ya Wazungu, namjibu kwamba pale Rumonge ni suala la wapi ulale usiku wa Aprili bila kuamka umezungukwa na maji.

Sehemu ambayo mzee aliipita haraka

Tulipotoka ufukweni tukapanda kuelekea soko. Hapa kuna harufu moja inayotawala: mawese. Rumonge ndiyo mji wa mawese wa Burundi, madumu ya njano yamepangwa kila kona, na mashamba ya michikichi yanaanza pale mji unapokwisha. Mzee aliongea sana juu ya bei na jinsi wakamuaji wadogo wanavyotumia mashine za kusukuma kwa mikono. Niliuliza: hii michikichi ilipandwa na nani? Akasema, "Na wenyewe." Tukaendelea kutembea. Hakusema wenyewe ni nani.

Wasomaji wa rika langu wanajua alichoruka. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza, na Rumonge na Nyanza-Lac ndiko ulikowaka zaidi. Waasi waliwaua Watutsi wengi, wakiwamo wanawake na watoto. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima: walimu, makarani, wanafunzi, wafanyabiashara. Makadirio ya waliouawa ni kati ya laki moja na laki tatu. Watu wengi mno wakakimbilia kwetu. Ndio watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba ya tambarare ya Rumonge yakagawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi.

Kisha watu wakarudi. Mwaka 2008 na 2009 pekee, zaidi ya 50,000 wa wale wa mwaka 1972 walivuka kurudi Burundi, wakati Tanzania ikiamua kuwapa uraia wengine zaidi ya 160,000. Waliorudi Rumonge walikuta mchikichi wa baba una mwenyewe mwingine, na huyo mwenyewe ana hati na amezaliwa hapo hapo. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, ilihangaika na kesi hizo hadi muda wake ulipokwisha 2022. Wengine waliwekwa katika vijiji vya pamoja kama Mutambara. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki sehemu mbalimbali za nchi, na Desemba 2021 ikatangaza kuwa yaliyowapata Wahutu mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari. Wapo walioridhika, na wapo walioona kuwa hesabu ya waliouawa na waasi Rumonge imesahauliwa.

Sasa mzee wa mtaa wa Swahili ataanzaje kumsimulia mgeni haya, katikati ya soko, wakati anayeuza mawese kushoto na anayeuza mawese kulia huenda wana kesi moja ya shamba moja? Alinyamaza, nami nikaona kunyamaza kwake kuna akili. Lakini naogopa ratiba rasmi itakayoandikwa siku moja na watu wa ofisini, yenye Livingstone, Rumaliza, wamisionari watatu, samaki wa kukaanga, halafu gari. Ratiba ya namna hiyo itanyamaza kwa sababu tofauti kabisa na ya mzee.

Tujitazame na sisi

Tusimcheke jirani. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO orodha ya maeneo ya njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe, kuanzia Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kwihara hadi Ujiji. Ni kazi nzuri. Lakini njia ile inaishia Ujiji kana kwamba misafara ilifika pale ikatumbukia majini. Ukweli ni kwamba ilipanda mitumbwi ikaenda Uvira, Rumonge, Uzige na Manyema. Burton na Speke wenyewe, mwaka 1858, walipita ufukwe huu wa Urundi kwa mitumbwi ya kukodi Ujiji kabla ya kuvuka kwenda Uvira. Njia iliyokatwa na mpaka wa wakoloni inatakiwa kuunganishwa na nchi tatu zikiomba pamoja. Burundi, ambayo ngoma zake za kifalme ziliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya turathi za utamaduni, haina hadi leo hata eneo moja katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa nini isianzie na ziwa?

Na hata hapo nina shaka zangu. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha tangu mwaka 2000, una vitabu, una wataalamu, una papasi wa kukufuata hadi chooni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ikaanguka na kuua watu wawili. Orodha haishikilii ukuta. Ujiji kwetu tuna mnara, tuna jumba la makumbusho, na nimeona mara nyingi mgeni anaingia getini, anasikia hadithi ya "Dr Livingstone", anatoka, anapanda gari. Mitaa yenyewe ya Ujiji, mita mia chache tu kutoka pale, haioni shilingi wala haiulizwi neno.

Maoni yangu ni haya, na sioni aibu kuyasema kwa ukali kidogo. Rumonge isianze na kibao wala ofisi. Barabara ya lami inatengenezwa. Mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika wa Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, umeunganishwa na ule wa kwetu wa Kabingo, Kasulu na Manyovu. Wageni watakuja wenyewe. Kabla hawajaja, vijana watatu wa shule za pale, wenye daftari na simu ya kupiga picha, wapewe miezi sita kutembea na wazee nyumba hadi nyumba katika mitaa ya chini: nani alijenga, alitoka wapi, maji yalifika wapi mwaka 1964, yalifika wapi 2024. Ni kazi ya gharama ndogo kuliko kibao kimoja cha chuma. Na wazee walipwe. Mzee wangu aliniambia wageni waliomtangulia walimpa soda.

Habari za 1972 ziachwe kwanza zikusanywe kwa utulivu, kila upande ukisema wake, na zisimuliwe na wenyewe watakapokuwa tayari. Najua wapo watakaosema huko ni kukwepa. Labda. Lakini mimi ninaondoka na pasi yangu. Wao wanabaki na jirani.

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo tulirudi ufukweni. Mzee alinionyesha mahali boti ziliposhusha watu waliokimbia vita ya Fizi Januari 2018, wanawake na magodoro, na jinsi mtaa wa Swahili ulivyotoa sufuria. Hilo alilisimulia kwa kirefu kuliko Livingstone, ambaye hakumtaja kabisa hadi nilipomuuliza mimi.

"Yule?" akasema. "Alipita."

Kisha akachomeka bakora majini, hatua nne kutoka ukingoni, pembeni ya nguzo ya saruji iliyobaki peke yake. Akaniambia hapo palikuwa baraza la kaka yake, ndipo walipokuwa wakicheza bao. Nilipouliza nyumba ilijengwa mwaka gani, alifikiri sana, akahesabu kwa vidole, akasema itabidi tumuulize dada yake, maana yeye ndiye anayekumbuka. Dada yake yuko Ujiji.

Nimempelekea salamu. Bado sijakwenda kumuuliza.